Kompyuta ya gemu kwa milioni moja na laki mbili: chukua mnara wa ofisi, fedha iende kwenye kadi

Swali: "Shikamoo kaka. Nasoma chuo hapa Mwanza na nimejibana mpaka nimefikisha TSh 1,200,000 ya kompyuta ya gemu. Monita ya inchi 24, kibodi na kipanya ninavyo. Fundi mmoja wa Kariakoo ananipa Core i7 ya kizazi cha 3, RAM GB 16, kadi ya GTX 1050 Ti ya GB 4 na keisi yenye taa, vyote kwa TSh 1,050,000. Rafiki yangu anasema niachane nayo, ninunue vifaa vipya vya Ryzen kimoja kimoja niunde mwenyewe. Nacheza GTA V, EA FC na Valorant, na nahariri video fupi fupi. Nimsikilize nani?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Kwa fedha uliyonayo, usimsikilize yeyote kati ya hao wawili. Hiyo i7 usiiguse kabisa. Ryzen mpya ni wazo zuri, ila linahitaji mfuko mnene kidogo kuliko wako wa sasa. Njia yako ni ya tatu: tafuta kompyuta ya ofisi iliyotumika, ya umbo la mnara, yenye Core i5 ya kizazi cha 8, kisha uiongezee kadi ya picha isiyohitaji waya wake wa umeme. Nitakueleza kwa nini, na kwa kirefu zaidi nitakueleza namna ya kununua bila kupigwa, kwa sababu huko ndiko fedha za wanafunzi wengi zinakopotelea.

Tuanze na i7 ya fundi. Neno i7 peke yake halikwambii chochote mpaka usome namba inayofuata. Kizazi cha 3 ni mfano wa i7-3770, prosesa (ubongo wa kompyuta) iliyotoka 2012 ikiwa na kori 4, yaani sehemu nne za kufanyia kazi. Core i5-8500 ilitoka 2018 ikiwa na kori 6, na kila kori moja ina kasi kuliko ya ile i7. Kwa hiyo i5 hii ni kubwa kuliko i7 ile, ingawa dukani jina ndilo linalouza. Tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari, au mbili za kwanza kama namba ina tarakimu tano: 3770 ni kizazi cha 3, 8500 ni cha 8, 10400 ni cha 10. Muuzaji akikwambia tu "ni i7" bila namba kamili, mwombe aiwashe uone mwenyewe.

Kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi kwako, nayo ni Valorant. Ukiwa na Windows 11, gemu hilo halikuruhusu kucheza mpaka kompyuta iwe na TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi unaokagua programu wakati kompyuta inawaka) imewashwa. Mashine za kizazi cha 3 zilitoka kabla ya TPM 2.0, na Microsoft yenyewe kwa upande wa Intel inaitambua Windows 11 rasmi kuanzia kizazi cha 8. Utasema utabaki na Windows 10, lakini Microsoft ilifunga huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na magemu makubwa ya mashindano yanazidi kuelekea huko huko kwenye masharti ya Secure Boot. Ukitoa zaidi ya milioni leo kwa kizazi cha 3, umenunua mashine ambayo milango imeshaanza kufungwa mbele yake. Hata hiyo RAM GB 16 unayopewa ni DDR3, aina ya zamani, huwezi kuihamishia kwenye mashine mpya kesho.

GTX 1050 Ti nayo umri umeitupa mkono. Ilitoka 2016, na NVIDIA ilisitisha matoleo ya kawaida ya draiva (programu inayoiendesha kadi) za magemu kwa familia yake yote mwezi Oktoba 2025, yakabaki ya usalama tu. Tena ni miongoni mwa kadi zilizoghushiwa sana duniani. Matapeli huchukua kadi ya zamani kama GTS 450 au GTX 550 Ti, hubadilisha programu ndogo iliyomo ndani yake ili ijitambulishe kwa Windows kuwa ni 1050 Ti, kisha huifunga kwenye boksi jipya. Windows inaamini, mnunuzi anaamini, gemu likifunguliwa kompyuta inaganda. Simtuhumu fundi wako, pengine naye aliuziwa hivyo hivyo. Lakini kadi hiyo usiilipie kabla haijapimwa mbele yako.

Sasa mnara wenyewe. Majina ya kutafuta ni Dell OptiPlex 3060, 5060 au 7060, HP ProDesk 600 G4 au EliteDesk 800 G4, na Lenovo ThinkCentre M720 au M920. Hizi ni kompyuta zilizotumika kwenye mabenki na maofisi ya nje, zinaondolewa kwa mafungu na kuingia sokoni kwetu zikiwa bado na nguvu. Zilitengenezwa kwa ajili ya kuwashwa asubuhi na kuzimwa jioni kwa miaka, na bodi zake (bamba kuu linalobeba vifaa vyote) ni za uhakika kuliko nyingi za bei ya chini zinazouzwa mpya.

Umbo ndilo litakaloamua kila kitu, kwa hiyo hapa kuwa makini sana. Jina moja la OptiPlex 5060 linabeba maumbo matatu. Ipo ndogo kama kitabu, hiyo haiingii kadi yoyote. Ipo nyembamba inayoitwa SFF, hiyo inaingia kadi fupi ya nusu kimo tu, na pawa saplai yake ni ya wati 200. Halafu ipo mnara, MT, ambayo inaingia kadi ya kimo kamili. Unayoitaka ni MT. Wauzaji wengi mtandaoni huweka picha ya SFF iliyosimamishwa wima na kuandika "tower", nawe unaona imesimama unaamini. Omba picha ya nyuma na uangalie vibati vinavyoziba nafasi za kadi: kwenye mnara vina urefu kamili wa kama sentimita 12, kwenye SFF ni vifupi, takribani sentimita 8. Omba pia picha ya ndani kifuniko kikiwa wazi, maana baadhi ya minara sehemu ya kukaa hadidiski hubana kadi ndefu. Ikiwa nafasi ni finyu, chukua kadi fupi ya feni moja.

Ukishaona mashine ina sura nzuri, iwashe na uingie kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) hapo hapo dukani: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Kompyuta za ofisi mara nyingi huja na nywila iliyowekwa na watu wa IT wa kampuni iliyoziuza. Ukiulizwa nywila ambayo muuzaji haijui, iache. Huwezi kuwasha Secure Boot bila kuingia humo, na kuiondoa nywila hiyo si kazi ya kila fundi.

Pawa saplai ya mnara wa kizazi hiki huwa ya wati 250 hadi 260. Ndogo, ndiyo, lakini hizo ni wati za kweli. Piga hesabu: i5-8500 imekadiriwa wati 65, kadi utakayoweka haizidi 75, bodi na RAM na SSD (diski ya kuhifadhia) na feni tuseme 40. Hujafika hata 200. Linganisha na zile "500W" zinazokuja bure ndani ya keisi zenye taa. Siku ukishika moja, soma kibandiko chake kwenye mstari wa +12V, kwa kuwa prosesa na kadi vinakula hapo. Nyingine utakuta imeandikwa 15A. Zidisha 12 kwa 15, unapata wati 180, na hiyo ndiyo nguvu yake halisi kwa kazi yako hata kama maandishi makubwa yanasema 500. Yenye wati 500 za kweli huandikwa 38A hivi. Nyingine zina kitufe chekundu nyuma cha kuchagua 115 au 230; kikiwa kwenye 115 ukachomeka kwenye umeme wetu, inalipuka palepale. Keisi yenye taa haikuongezei fremu hata moja kwenye gemu, na pawa saplai mbovu ikifa inaweza kuondoka na bodi na kadi kwa pamoja. Ndiyo maana napendelea mnara wa ofisi usio na mbwembwe.

Tuje kwenye kadi, ambako fedha yako nyingi inapaswa kwenda. Nafasi ya kadi kwenye bodi inatoa hadi wati 75, na minara hii haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kwa hiyo unatafuta kadi inayotosheka na hizo 75. Chaguo la kwanza ni RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024, inayotumia wati 70. Angalia vizuri hiyo GB 6, kwa sababu ipo RTX 3050 ya GB 8 iliyotangulia, nayo inakula wati 130 na inataka waya wake. Bei ikikushinda, chaguo la pili ni GTX 1650 ya GB 4, ya 2019. Nayo baadhi ya watengenezaji waliiwekea tundu la waya wa pini 6 juu. Wewe chukua isiyo na tundu. Muuzaji akikwambia atakupa adapta ya kutoa umeme kwenye waya wa SATA, kataa. Kiunganishi cha SATA kimekadiriwa takribani wati 54, ukikilazimisha zaidi plastiki inayeyuka.

Tofauti kati ya hizo mbili inaonekana. Ile 3050 ina kumbukumbu zaidi, na ina DLSS, yaani inachora picha kwa ukubwa mdogo kisha kuikuza kwa ustadi, gemu zito likawa jepesi. Pia ina vifaa maalumu vya kuchora mwanga ambavyo magemu kadhaa mapya yanavidai kwa lazima. Doom: The Dark Ages ya 2025, kwa mfano, haifunguki kwenye GTX yoyote. Kwa orodha uliyonitajia 1650 inatosha, ila ukiweza kuongeza kidogo, ongeza hapa kabla ya mahali pengine popote.

Utaonyeshwa pia RX 6400 na RX 6500 XT kwa bei ya kuvutia. Ziache. Zinawasiliana na bodi kwa njia nne tu badala ya nane au kumi na sita. Kwenye bodi mpya za PCIe 4.0 (PCIe ndiyo njia ya kadi kuwasiliana na bodi) hilo si tatizo kubwa, lakini mnara wako ni PCIe 3.0, hivyo upana unabaki nusu na gemu linakwamakwama kila kumbukumbu ya kadi inapojaa. Isitoshe, hazina kifaa cha kusimba video, yaani kuibana iwe faili, na wewe unahariri video. Intel Arc nayo si ya kwako, maana inategemea kitu kiitwacho Resizable BAR ambacho minara hii kwa kawaida haina, na bila hicho inapoteza nguvu nyingi. RX 580 ni kadi yenye nguvu, lakini inakula wati 185, na nyingi zilizopo sokoni zilishinda miaka kwenye mashamba ya kuchimba sarafu za mtandaoni.

Kupima kadi hakuhitaji ufundi mkubwa. Weka GPU-Z (programu inayosoma taarifa za kadi) na FurMark (inayoipa kadi kazi nzito) kwenye flashi yako, zote ni za bure. Kadi ichomekwe kwenye kompyuta ya dukani, draiva iwekwe, ufungue GPU-Z. Tangu 2018 programu hiyo ina uwezo wa kuzitambua kadi nyingi zilizoghushiwa na huandika neno FAKE kwenye mabano ya mraba kabla ya jina. Hata kama neno hilo halipo, soma mstari wa Shaders: GTX 1650 inapaswa kuonyesha 896, RTX 3050 ya GB 6 ionyeshe 2304. Namba ikipishana, hiyo si kadi uliyoambiwa. Kisha washa FurMark na uiache robo saa huku ukiangalia joto. Litapanda, halafu linapaswa kutulia mahali. Likitulia chini ya nyuzi 80 hivi, vizuri. Likizidi kupanda bila kusimama, ama grisi ya joto imekauka ama feni imechoka. Ukiona vidoti vya rangi au mistari kwenye skrini, kumbukumbu ya kadi inakufa. Hapo hakuna cha kupunguziwa bei, rudisha. Sikiliza na feni, ile inayokwaruza ina siku chache. Kwa vile uko Mwanza, mtume mtu unayemwamini na umwombe akupigie WhatsApp ya video, akuonyeshe GPU-Z, FurMark ikiwaka na kadi yenyewe ikizunguka, vyote kwa mkupuo mmoja bila kukata. Na risiti ya EFD adai, iandikwe jina kamili la kadi na muda wa waranti.

RAM ni suala fupi lakini limekaa vibaya kwa sasa. Tangu mwishoni mwa 2025 bei imepanda duniani kote kwa sababu viwanda vinapeleka chipu nyingi kwenye mitambo ya akili bandia. Kwa hiyo tafuta mnara ambao tayari una GB 16 hata ukiongezewa bei kidogo, mara nyingi itatoka nafuu kuliko kununua RAM pembeni. Ukikosa, chukua wa GB 8 na uongeze kijiti kingine cha GB 8 cha DDR4 ya kawaida ya kompyuta ya mezani. Viwe viwili, ili prosesa isome vyote kwa pamoja. Epuka RAM za seva zinazouzwa rahisi, kwani hazitakubali kwenye bodi hiyo.

Kwa SSD, GB 500 ndiyo ya kuanzia. GTA V peke yake inameza zaidi ya GB 100. Na kwa bando letu, usipakue upya kila kitu: Steam tangu 2023 inaruhusu kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa mtandao wa ndani, hivyo kama mwenzako wa hosteli analo, mnaunganisha kwenye ruta moja na linahamia kwako bila kula bando. Kila mtu lazima awe amelinunua kwa akaunti yake, lakini mafaili ni yale yale.

Fedha yako ningeigawa hivi, na hivi ni vikomo vyangu vya kuanzia mazungumzo, si bei za duka fulani. Mnara usizidi laki tano. Kadi ipe laki nne, au laki nne na nusu ikiwa ni 3050. SSD na nyongeza ya RAM zisizidi laki mbili kwa pamoja. Kinachobaki ni cha usafiri na ulinzi wa umeme. Mnara ukipatikana na GB 16, ile iliyookolewa kwenye RAM ipeleke moja kwa moja kwenye kadi.

Sasa nimtendee haki rafiki yako. Ryzen 5 5600G ina kori 6 na picha zake ndani, kwa hiyo unaweza kuanza bila kadi kabisa, ukacheza Valorant vizuri na GTA V kwa mipangilio ya chini, kisha ukaongeza kadi kubwa mwakani, kwa sababu pawa saplai na keisi utakuwa umechagua mwenyewe. Ni njia yenye kesho nzuri zaidi. Mnara wa ofisi hauna pa kwenda, kadi ya wati 75 ndiyo dari yake. Lakini prosesa, bodi, RAM, SSD, pawa saplai ya kueleweka na keisi, vyote vipya, vitaimaliza milioni moja na laki mbili yako na pengine kuizidi, na jioni utakuwa unacheza kwa kasi ndogo kuliko ya mnara wenye 1650. Ungekuwa na uhakika wa laki tano nyingine ndani ya miezi michache, ningekwambia nenda Ryzen: vijiti viwili vya RAM bila kukosa, kwa vile picha za ndani zinatumia RAM hiyo hiyo, na bodi ya B550 au A520 badala ya B450 iliyokaa dukani muda mrefu na BIOS ya zamani isiyoitambua prosesa hiyo. Kwa fedha iliyopo mkononi leo, mnara. Siku ukihamia Ryzen, SSD na kadi unahama navyo, na mnara unauza kwa mtu wa steshenari.

Usitegemee miujiza. Kwenye monita ya 1080p, Valorant itakwenda kwa kasi nzuri sana, EA FC itatulia kwenye fremu 60, GTA V utaicheza kwa mipangilio ya juu kiasi. Magemu makubwa mapya utayashusha hadi chini, na ukiwa na kadi ya GB 4 ubora wa tekscha uuweke wastani hata kama mengine yanaruhusu, kwani kumbukumbu ikijaa ndipo picha huanza kukwama.

Umeme nao usiuache mwisho. Unapokatika si tatizo sana. Unaporudi kwa kishindo ndipo vifaa vinapokufa. UPS ndogo ya 650VA inatosha mnara huu na monita kwa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Kama haijapatikana, angalau kile kifaa cha kulinda friji au TV kinachosubiri dakika kadhaa umeme utulie kabla ya kuuruhusu.

Mzigo ukisafirishwa kwa basi kutoka Dar, mwambie mtu wako achomoe kadi kwenye bodi na aifunge peke yake kwa sponji. Mitikisiko ya njia ndefu kama hiyo huweza kuvunja tundu la bodi kwa uzito wa kadi. Ikifika, isukume mpaka usikie ile klipu ya nyuma inalia, kaza skrubu yake, na waya wa monita uchomeke kwenye tundu la kadi yenyewe, usiuchomeke kwenye lile la bodi lililo juu yake. Halafu ingia BIOS, washa Secure Boot, ndipo uweke Windows.